Miezi Saba Bila Sala

Jumamosi asubuhi Kalamu alimaliza kuosha vyombo, akadeki sebule, kisha akaketi na daftari lake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Kalamu kwa sababu barua na fomu zote za familia zilipitia mkononi mwake. Safari hii alikuwa amepewa kazi nzito zaidi: kuandika wasifu wa Bibi, aliyefariki miezi mitatu iliyopita. Kesho yake, baada ya ibada, ndugu wangekusanyika kumkumbuka, na Kalamu angeusoma mbele yao.

Ukurasa mzima ulikuwa na mstari mmoja tu: Bibi alikuwa mcha Mungu.

Alimfuata shangazi yake jikoni, akamkuta anamenya viazi.

"Shangazi, nieleze maisha ya Bibi."

"Andika alikuwa mcha Mungu."

"Nimeshaandika. Nipe mfano."

"Mfano wa nini? Kwani wewe hukumwona? Hebu nipishe, maji yanachemka. Muulize baba yako mkubwa."

Baba Mkubwa, kifungua mimba wa Bibi, alikuwa uani akiziba pancha ya baiskeli.

"Baba Mkubwa, Bibi alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Mafuriko yapi?"

"Yale yaliyobeba daraja." Akalizungusha gurudumu, akalitegea sikio. "Muulize mama yako."

Mama alikuwa anapiga pasi. "Mimi ni mkwe tu, mwanangu, nimekuja juzi," akasema, ingawa juzi hiyo ilikuwa na miaka kumi na mitano. "Muulize shangazi yako."

Kazi wamempa wao, na maneno wanamnyima wao! Kalamu alirudi sebuleni, akalibamiza daftari mezani, akaanza kubuni. Bibi hakuwahi kukasirika. Bibi hakukosa sala hata siku moja. Bibi alilea yatima ishirini. Kufumba na kufumbua, ukurasa ukajaa.

Alasiri alikwenda kwa fundi cherehani, jirani yao na shoga wa Bibi tangu zamani, kujaribu gauni la kesho. Fundi alipokuwa anabana pindo kwa pini, Kalamu alimsomea wasifu wake kwa mbwembwe.

Fundi alitoa pini mdomoni. "Wasifu mzuri. Wa nani?"

"Wa Bibi!"

"Bibi yupi? Yule niliyemfahamu mimi alinirushia kandambili kwa sababu nilichelewa kumrudishia mkasi."

Machozi ya hasira yakamtoka Kalamu. "Sasa ningeandika nini? Kila ninayemuuliza ananisukumia kwa mwenzake!"

Fundi alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akasema:

"Bibi yako alikuwa na mtoto wa tatu, wa kiume. Aliugua homa, akafariki akiwa na miaka sita. Baada ya mazishi, Bibi yako alikifungia kitabu chake cha sala sandukuni. Akaniambia, 'Sina la kumwambia Mungu.' Miezi saba hakusali. Kisha asubuhi moja nikamkuta kwenye nyumba ya ibada, anafagia. Nikamuuliza, 'Umerudi?' Akanijibu, 'Sijarudi. Nafagia tu.' Akawa anafagia kila asubuhi, mpaka siku moja nikamsikia anasali, ufagio mkononi. Tangu hapo hakuacha ufagio wala sala kwa miaka thelathini. Na ole wake aliyeingia na matope miguuni!"

Kalamu aliuchana ule ukurasa, akaandika upya palepale, cherehani ikinguruma pembeni yake.

Alipousoma nyumbani, Shangazi aliruka. "Chana hiyo! Unataka kumwaibisha mama yangu mbele za watu?"

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, Shangazi."

"Si kila kilichokuwa husomwa!"

Baba Mkubwa aliitazama mikono yake iliyojaa grisi. "Mtoto atausoma," akasema. "Tulimpa kazi, halafu tukamfungia milango. Mwache." Shangazi akatoka bila kuaga.

Kesho yake sebule ilifurika ndugu, na Fundi naye alikuja. Kalamu alisimama, akaanza kusoma. Alipofika kwenye miezi saba, Shangazi alisimama.

"Umekosea," akasema.

Kalamu aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Haikuwa saba. Ilikuwa minane," Shangazi akaendelea. "Nilikuwa na miaka tisa. Kila jioni nilikaa karibu na lile sanduku, nione kama atalifungua."

Akaketi, akajifunika uso kwa mikono. Fundi akasogea, akamkumbatia. Kalamu aliikata saba, akaandika nane, akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika, Baba Mkubwa alimwita.

"Mwanangu, Fundi amenieleza ulivyobuni mwanzoni. Uongo ule ungempamba Bibi yako mpaka sisi wanawe tusimtambue. Imani yake ilivunjika, akaiunga kwa mikono yake. Hilo ndilo wajukuu wanapaswa kulijua. Sisi wakubwa tumekosa, mtoto akiuliza ajibiwe. Na wewe ukikosa jibu, uliza tena, hata ukifukuzwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kubuni usichokijua."