Uchovu wa Asubuhi wa Mama Kinya

Haya yalimpata Mukiri, jirani yangu hapa Kianjai, ambaye ni mpishi wa shule ya msingi. Kila asubuhi aliamka amechoka, mabega yakimuuma, na mwalimu mkuu alikuwa amemwonya kwamba akichelewesha uji tena, kazi atapewa mwingine.

"Mama Kinya, wewe unalima ndotoni," nilimtania.

"Heri ningelima, ningevuna," akajibu.

Kliniki walimwambia alale mapema na aache chai ya jioni. Alitii, lakini uchovu ukabaki palepale.

Alfajiri moja aliamka kabla simu haijalia. Giza lilikuwa totoro. Jikoni, nyuma ya ukuta, jiwe la kusagia wimbi la marehemu mama mkwe wake, ambalo halijaguswa tangu tuanze kupeleka nafaka kwenye mashine, lilikuwa linasaga polepole, krrr, krrr.

Kinya, binti yake mdogo aliyelala ubavuni mwake, akaita macho yakiwa yamefumba: "Mama, si uje ulale?"

Mukiri akamziba mdomo. Jiwe likanyamaza. Kisha kutoka jikoni ikajibu sauti ya Mukiri mwenyewe, imechoka kama yeye:

"Lala, mwanangu. Nimebakisha kidogo."