Sauti Nyuma ya Tarumbeta

Neno lenyewe lilikuwa "bado", na kwenye kanda ile halikuwamo. Mama Kanda angeapa mbele ya yeyote, maana kanda ile aliijua kama anavyoijua nyumba yake gizani. Lakini Jumapili hiyo alasiri, mbele ya wageni, tarumbeta lilipokuwa linamalizia, sauti ya mtoto ikauliza polepole, "Bado?" Wenzake wakatabasamu tu. Yeye sindano ikamponyoka mkononi.

Wapenzi wa nyimbo za zamani ni watu wa ajabu, tusidanganyane. Mtu mzima na mvi zake anavuka mji kwa miguu, kanda moja mfukoni kaibeba kama yai, ili tu wenzake wasikie mpiga ngoma fulani alivyopiga chafya katikati ya wimbo. Hawa walikuwa wakikusanyika kwa Mama Kanda, mjane, fundi cherehani, katika chumba chake cha kushonea, magauni ya wateja yananing'inia ukutani. Sharti lao moja: kila mtu aje na wimbo anaoupenda na kituko kimoja. Wiki moja kituko kilikuwa kwaya inayosifia sabuni kwa huzuni utadhani iko msibani. Wiki nyingine ilikuwa kanda ya harusi, bibi harusi anasikika akiuliza chakula kitatoka lini. Walicheka mpaka mbavu zikauma.

Mama Kanda alikuwa na chake, ila miaka yote hakukitoa. Enzi zile, ukitaka wimbo wa redioni uliweka kinasa sauti mbele ya redio na kuwaamuru wa nyumbani wasikohoe. Ndivyo alivyofanya siku wimbo aliouvizia mwezi mzima ulipopigwa. Tarumbeta likaanza kulia peke yake, na mwanawe, aliyekuwa chini ya meza ya kukatia akichezea kopo la vifungo, akauliza, "Mama, wimbo umeisha?" Sauti ya mama ikafuata, kali: "Shh! Nyamaza." Mtoto akanyamaza. Yule walimwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukujua likizo, lakini siku ile alitii mpaka wimbo ukaisha. Wiki hiyo hiyo homa ikamchukua. Duniani hapakuwa na mahali pengine sauti yake iliponaswa, ila hapo tu, akinyamazishwa.

Sasa kwa nini aliitoa Jumapili ile? Ni Kinyozi, rafiki wa marehemu mumewe, mtu wa mizaha asiyeweza kupita karibu na takataka bila kuinama. Mtaani palikuwa na nyumba iliyokaa miaka bila mtu, inabomolewa, naye akaingia akatoka na redio kaseti nzito, nyeusi, vumbi limeganda. Akaifuta, akaileta. Jamani, sauti yake! Mwimbaji alisikika kama kakaa nawe mkeka mmoja. Mama Kanda akawaza, kwa mashine hii nitamsikia mwanangu karibu. Tamaa ya mama hiyo, nani atamlaumu?

Kikundini alikuwamo mzee mmoja, mpiga tarumbeta mstaafu, aliyejiunga juzijuzi na hakujua mtoto ni wa nani. Akasema tarumbeta ni tamu sana, ila hako katoto kameharibu palipo pazuri. Kinyozi akamkanyaga mguu. Mama Kanda hakusikia, alikuwa bado anasikiliza lile neno.

Wageni walipoondoka mashine ilibaki. Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua dirisha, aliicheza kanda. Safari hii mtoto hakuishia kwenye "bado". Tarumbeta lilipotua akasema, "Mama, mbona hunijibu?"

Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Mama Kanda alikaa chini akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Bibi yake alimfundisha kwamba sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi, na mafunzo ya utotoni hayatoki, kwa hiyo mdomo aliubana. Lakini mlango aliufunga kwa komeo, wateja wakagonga wakachoka. Alicheza kanda ile mchana kutwa, na kila alipoicheza mtoto aliongeza neno, akiuliza habari za paka wao wa zamani, akiuliza kama vile vifungo vyekundu bado vipo, mambo ambayo Chiriku tu angeyajua.

Halafu sauti ikaacha kutoka kwenye mashine. Ilianza kutokea nyuma ya magauni, kisha chini ya meza, na pamoja nayo ikaja harufu ya ile dawa tamu ya homa aliyomnywesha mtoto siku za mwisho, harufu ambayo ilishika kwenye vitambaa, kwenye maji ya kunywa, kwenye mto wa kulalia, na kopo la vifungo likawa linatikisika lenyewe, chaka, chaka, chaka, na alipoinama kutazama alikuta vifungo vyekundu vimepangwa mstari mmoja kutoka ukutani kuelekea miguuni pake, na kila alipotazama tena mstari ulikuwa umesogea. Swali nalo likabaki moja tu.

"Mama, nije?"

Alidhoofu, nguo zikampwaya. Sauti yake ikakauka mpaka jirani akadhani kapatwa na mafua. Na bado hakutaka mtu aingie, maana alijua wataiondoa.

Kinyozi ndiye aliyeingia, kupitia dirishani, mzee mzima kararua suruali. Alimkuta Mama Kanda kakaa sakafuni, kanda inazunguka, wimbo unalia. Alipoinama kuizima mashine akaona waya wake haujachomekwa popote, na mahali pa betri patupu. Chini ya meza kitu kikacheka kwa sauti ya mtoto aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe. Mizaha yote ikamtoka.

"Shemeji," akanong'ona, "huyo siye."

"Najua," akasema Mama Kanda. "Lakini sauti ni yake."

Mganga aliyeletwa hakutikisa kibuyu wala kuchoma chochote. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani, na jambo la kwanza aliuliza kama Mama Kanda amekiitikia kitu hicho. Aliposikia bado, akashusha pumzi. Akawaeleza kwamba katika ile nyumba ya kubomolewa kulikaa jini asiye na sauti, ametulia ndani ya mashine anasubiri, na sasa amepata ya kuazima. Akikaribishwa kwa neno moja tu hatatoka tena, na mwenye nyumba atakwisha kama mshumaa. Kisha akamgeukia Mama Kanda.

"Siku ile ulipomwambia mwanao anyamaze, alikutii?"

"Alinitii."

"Basi na huyu atakutii. Amevaa sauti ya mtoto, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwambie neno lile lile."

Mama Kanda akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Miaka yote alikuwa akiomba neno lile lifutike, alirudishe kinywani alimeze. Mganga akasema hakuna neno jingine. Na akisema, akaongeza kwa upole, sauti ya mtoto itakwenda yote, hata ile ya kwenye kanda.

Wakaicheza kanda. Jua lilikuwa bado dirishani, watu wanapita nje wakisalimiana. Wimbo ukaanza, harufu ya dawa ikajaa mpaka kooni, tarumbeta likaingia, na kitambaa kilichofunika meza kikawa kinavutwa kwa ndani kidogo kidogo, na vifungo vikaanza kutoka kimoja kimoja vikija vyenyewe sakafuni, na mganga akarudi nyuma, na Kinyozi akashika ukuta, na kitu kikagusa goti la Mama Kanda pale pale Chiriku alipozoea kuegemeza kichwa.

"Mama," kikasema. "Usiniambie ninyamaze. Siku ile nilikuwa na neno nataka kukwambia. Sema 'njoo', nije nikwambie."

Hapo ndipo moyo ulipopasuka. Tangu mazishi alikuwa akijiuliza hilo tu: mtoto alitaka kusema nini? Labda kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma. Labda angemsikiliza angemwahisha hospitali. Kinywa chake kikafunguka, na Kinyozi akafumba macho asione.

Mama Kanda akaweka kidole mdomoni, kama siku ile. Machozi yalikuwa yanamwingia kinywani.

"Shh," akasema. "Nyamaza."

Vifungo vikasimama. Chini ya meza kitu kikavuta pumzi ndefu, kama mtoto aliyekaripiwa anavyovuta kabla ya kuangua kilio, na kilio hakikuja. Harufu ikakatika. Mganga akaifunga mashine ndani ya gunia, akaondoka nayo bila kuaga.

Siku zikapita, magauni ya watu yakamalizika, sauti yake ikarudi. Wenzake wakaanza kuja tena. Jumapili moja yule mzee wa tarumbeta, aliyekuwa mgonjwa muda wote huo asijue lililotokea, akaja na redio kaseti yake kuukuu akaomba ule wimbo wa siku ile. Kinyozi akataka kukataa. Mama Kanda akaileta kanda mwenyewe.

Tarumbeta likaanza kulia peke yake. Akainamisha kichwa, akasubiri. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwa mbali kabisa, sauti yake mwenyewe ya ujanani ikanong'ona, "Shh! Nyamaza," kwa mtu asiyekuwepo, na tarumbeta likaendelea mpaka mwisho.

"Enhee," mzee akasema, macho kafumba kwa utamu. "Leo rekodi safi. Haina kelele hata kidogo."

Mama Kanda akaitikia kwa kichwa. Akairudisha kanda nyuma, akasogeza sikio, akaicheza tena.