Mfunge Uzi, Awe Kaka Yako

"Mfunge uzi," Ranbir alimwambia bintiye. "Mfunge hapa hapa tumalize aibu hii."

Rajbala alisimama uani na sahani mkononi: taa ndogo, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, vitamu vya Rakhi, sikukuu ya dada kumfunga kaka uzi mkononi, na uzi wenyewe. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na wazee wa kijiji walikuwa wamejaa kwenye vitanda vya kamba. Mbele yake, kwenye kigoda, aliketi Sombir, kijana aliyempenda hadi chakula kikamshinda.

Kosa lao lilikuwa moja. Katika vijiji vile vya Haryana, msichana na mvulana wa kijiji kimoja ni ndugu, hata kama hawana udugu wa damu, na ndugu hawaoani. Siku ya Tiji, sikukuu ya msimu wa mvua, wanawake walipofunga bembea kwenye mwarobaini, Sombir alipita akamsukuma Rajbala mara moja tu, wakacheka. Shangazi Murti akakiona kile kicheko, na mdomo wa shangazi yule haukuwa na komeo. Kufikia jioni baba alikuwa ameichukua simu ya bintiye na kuusoma kila ujumbe. Wazee wakakata shauri: Rakhi ikifika, amfunge uzi mbele ya watu, awe kaka yake kabisa.

Asubuhi ile Rajbala aliiba simu ya mama yake, akamwandikia Sombir:

"Ukikataa uzi, na mimi nakataa. Watufukuze wote wawili."

Jibu lilikuja haraka: "Nitakataa. Haki ya mama yangu."

Sasa mzee mmoja akamwambia kijana anyooshe mkono. Rajbala alimtazama usoni, akisubiri. Sombir alitazama tope. Kisha akaunyoosha.

"Funga, dada," alisema.

Neno lile lilimkata Rajbala maini. Alifunga. Alilikaza fundo mpaka nyama ya mkono ikabonyea, akamtia kitamu mdomoni, na Sombir akakimeza. Wazee wakashusha pumzi, mmoja akaomba chai.

Jioni Rajbala alimkuta Sombir kando ya shamba la uwele.

"Uliapa, Sombir."

"Walisema watakuua. Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema."

"Nilijua. Kifo ni changu, nilikuwa tayari nacho. Nani alikutuma uogope kwa niaba yangu?"

"Nilitaka uishi."

"Ulitaka wewe ulale usingizi."

Sombir aliondoka na uzi wake mkononi, na Rajbala alilia pale kwenye uwele mpaka mvua ikamfukuza.

Msimu wa mvua huko harusi hazifungwi, kwa hiyo baba alisubiri huku akisaga meno. Baridi ilipoingia, alimpata Pradip, mwanamume wa kijiji cha mbali ambaye Rajbala alimwona mara moja tu, akinywa chai sebuleni bila kuinua macho. Mama alimnong'oneza bintiye kwamba mapenzi huja baadaye. Hakumuuliza mama kama kwake yalikuja.

Kulikuwa na shida moja. Mbele ya moto wa ndoa, kaka wa bibi harusi ndiye anayemmiminia bisi za mpunga viganjani ili aulishe moto, na Rajbala alizaliwa peke yake. Baba hakuona shida. Kaka si yupo, alisema, si alifungwa uzi kijiji kizima kikiona? Sombir akaitwa.

Alikuja na ungo, amekonda. Rajbala alikinga viganja, kisha akavirudisha.

"Ngoja. Kabla hujanimiminia, sema mbele ya moto huu. Wewe ni nani kwangu?"

Baba alikohoa. Rajbala alikuwa bado na tumaini, maana mapenzi hayana akili: Sombir angetamka ukweli tu, yeye angenyanyuka na sari yake nyekundu wafe wote wawili.

Sombir alimtazama Ranbir.

"Kaka yako," alisema.

Bisi zilimiminika. Rajbala alizitupa zote motoni, na pale pale alihisi mapenzi yake yanakwisha, ikabaki chuki tupu.

"Basi, kaka," alisema taratibu. "Dada aliyeolewa hurudi kwao kila Rakhi. Nitarudi. Utaoa, utazeeka, na kila mvua nitakuja kukufunga uzi na kukulisha kitamu kwa mkono huu, mkeo akitazama. Usije ukakosekana nyumbani."

Ungo ulimtoka Sombir mikononi.

Nyuma yao, Shangazi Murti alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tangu azaliwe, alisema, hajaona dada anayempenda kaka yake kiasi kile.