Aliyelichukua Jina la Dagaa wa Kuruthumu

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, Kuruthumu alifungua tovuti yake ya dagaa akakuta si yake. Picha za vichanja vyake vya kuanikia dagaa huko Ujiji hazipo, bei hazipo. Palikuwa na ukurasa mweupe wenye maneno machache tu: "Mwenye dagaa amesafiri. Mpigie." Chini yake, namba ya simu.

"Nimeibiwa jina, dada Skola! Keshokutwa mnunuzi wa Dodoma anaingia humo kuagiza magunia thelathini. Akikuta hivi ataniona tapeli."

Skolastika, jirani yake, alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kugawa barua posta. Umbea hakuupenda, ushahidi aliupenda mno. Akanakili namba ile kwenye daftari.

"Ya nani hii?"

"Yangu ya zamani. Niliiacha mwaka juzi."

Skolastika akaipigia mstari.

Saa sita walikuwa mjini, mtaa wa Mwanga, kwa Swaibu, fundi aliyeitengeneza tovuti.

"Shikamooni."

"Marahaba. Jina la tovuti uliliandikisha kwa barua pepe ya nani?" Skolastika akauliza.

Swaibu akajikuna kisogo. "Yangu, ile ya chuo. Siifungui tena."

"Kwani si nililinunua?" Kuruthumu akadakia.

"Halinunuliwi moja kwa moja, mama. Linalipiwa kila mwaka, na ukumbusho huja kwa barua pepe. Muda ukipita sana, linaachwa huru na yeyote analichukua."

"Kumbe ni sanduku la posta," Skolastika akasema. "Usipolipia, ufunguo anapewa mwingine."

Swaibu akatazama kumbukumbu za majina ya tovuti mtandaoni. Lilikuwa limeandikishwa upya Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, jina la mwenyewe limefichwa. Siku hiyo Kuruthumu alikuwa Kasulu, mwezi wa pili akimuuguza mama yake.

Sokoni, mshindani wake Agnesi aling'aka. "Mimi nimwibie? Juzi tu nimempigia kumpa pole ya mama!"

Kuruthumu akakubali kuwa ni kweli.

Njiani kurudi Ujiji, Skolastika alifungua daftari. "Mdogo wangu, mwizi huyu hauzi kitu. Anawaelekeza wateja kwako, ila kwa namba ya zamani. Swaibu na Agnesi wanayo mpya. Nani hajasema nawe tangu uibadilishe?"

Walipofika ufukweni Kuruthumu akasimama. "Hamdani," akasema.

Walimkuta akigeuza dagaa kwa ufagio kichanjani, jirani kabisa na vya Kuruthumu. Miaka miwili hawakusalimiana, ugomvi wa nafasi ya kuanikia tu.

"Alhamisi saa tatu ulikuwa wapi?" Skolastika akauliza.

Hamdani aliweka ufagio chini. "Steshenari. Nimelichukua mimi."

"Kwa nini?" Kuruthumu akafoka.

"Kila asubuhi nachungulia bei zako, dada. Nikaona tovuti imekufa. Binti wa steshenari akasema jina liko huru, tapeli yeyote aweza kulibeba. Nikalizuia."

"Si ungenipigia!"

"Kwa mdomo upi? Ile mbalamwezi ndefu, dagaa hawakufuata taa, mitumbwi haikutoka, ukanigawia magunia kumi nisipoteze wateja wangu. Nami nikakulipa kwa matusi ya kichanja. Asante sikusema. Nikajiambia, akija kunigombeza, angalau atakuwa amekuja." Akamgeukia uso kwa uso. "Asante, dada Kuruthumu."

Kuruthumu alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Kesho yake, mbele ya Skolastika, jina lilihamishiwa kwa Kuruthumu, kwa barua pepe yake mwenyewe, na tarehe ya kulipia ikaandikwa ukutani juu ya mizani. Jioni Swaibu alirudisha picha.

Jumatano mnunuzi wa Dodoma aliagiza. Magunia tisa yalipungua, na Hamdani akayaleta begani, moja moja.

"Alhamdulillahi," Kuruthumu akasema, kisha akampigia Swaibu aongeze mstari chini ya namba yake mpya: "Tusipopatikana, mpigie Hamdani."