Maua ya Chuma

Kila Jumamosi asubuhi, sare zikishafuliwa na kuanikwa, Chiriku alimshika mdogo wake mkono wakaenda kwa baba. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Wazazi wao walikuwa wametengana. Mama alishona nguo karibu na soko, baba alichomelea vyuma vya madirisha upande wa pili wa mji, na watoto walilala kwake kila mwisho wa wiki.

Dirisha la chumba cha baba ndilo lililokuwa tangazo la kazi yake. Chuma kilipindwa kikawa maua yaliyobanana, hata paka hapenyi.

"Mwizi akiliona hili," alizoea kusema, "anageuza njia akatafute kazi!"

Jumamosi moja mteja alimwita ghafla. Baba akabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, akasema, "Mwanangu, mwangalie mdogo wako. Narudi sasa hivi." Kisha kufuli likalia kwa nje. Haikuwa mara ya kwanza. Baba alihofia watu wabaya wa nje. Ya ndani hakuyafikiria.

Upepo ulilipeperusha pazia hadi kwenye jiko. Likashika moto. Chiriku akalivuta chini, akalimwagia maji yote ya kunywa. Moto ukazimika, lakini chumba kikajaa moshi. Mdogo wake akakohoa hadi macho yakamtoka. Chiriku akamkokota mpaka dirishani, wakayashika yale maua ya chuma na kupitisha pua katikati yake, wakipiga kelele. Hakuna aliyewasikia mpaka baba aliporudi.

Baba alifungua kufuli, akawakumbatia. Halafu akamnong'oneza Chiriku, "Usimwambie mama yako. Akijua, hamtakuja tena."

Waliporudi kwa mama, Chiriku akawa kimya kama maji mtungini.

"Leo ndege wangu kameza kokwa?" mama alitania. Kisha akainusa nguo ya mdogo mtu, akasikia kile kikohozi, na utani ukaisha. "Mwanangu, kuna nini?"

Chiriku alilia kwanza, ndipo akaeleza.

Mama alimpigia baba simu. "Ni pazia tu lile!" baba akafoka. "Unatafuta sababu ya kuninyima watoto." Mama akakata simu. Aliifunika cherehani yake, akawachukua wanawe hadi ofisi ya ustawi wa jamii.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Mama hakungoja hata kukaa vizuri. "Yule si mtu! Anawatesa wanangu, anawanyima chakula, anataka kuwachoma!"

"Pole, mama," afisa alisema. "Hasira yako naielewa. Lakini hapa tupunguze chumvi, maana chungu kikizidi chumvi humwagwa chote, hata nyama. Wewe umeona nini?"

Mama akainama. "Nimesikia kikohozi. Nimenusa moshi."

Macho yote yakamgeukia Chiriku. Akisema, huenda akampoteza baba. Akinyamaza, siku nyingine mdogo wake huenda asipate pumzi.

"Baba hatutesi. Chakula anatupa. Lakini anatufungia kwa nje, jiko likiwaka, na dirisha halifunguki." Akamtazama afisa. "Sasa hatutamwona tena?"

"Siwezi kukuahidi nisichokijua, binti yangu," afisa alimjibu. "Kwanza muwe salama. Mengine tutayatafutia njia."

Afisa aliwatangulia kwenda kwa baba. Baba aliwapokea kwa maneno makali, akilisifu kufuli lake na chuma chake kigumu. Afisa hakubishana naye. Alimwomba tu achuchumae, alitazame dirisha kutoka kimo cha mtoto. Baba akachuchumaa. Kwenye maua aliyoyapinda mwenyewe kulikuwa na alama nyeusi za masizi, za vidole vidogo vilivyong'ang'ania. Akazigusa alama hizo moja moja.

Kwa muda watoto walionana na baba mchana tu, nyumbani kwa shangazi yao. Baba akalikata dirisha lake, akalitia bawaba na komeo la ndani. Jiko likahamia barazani. Kufuli la nje aliliondoa kabisa, akakubali kuwapeleka kwa shangazi kila akiitwa kazini. Afisa alikuja, akakagua, akaridhika.

Jumamosi waliyorudi, mdogo mtu alivuta komeo, dirisha likafunguka. "Baba, na mwizi je?"

"Mwizi nitapambana naye mimi," baba alisema. Akamketisha Chiriku karibu yake. "Mama yako alifanya sawa kwenda kule. Nilikuomba ufiche, nikakosea. Siri inayomweka mtoto hatarini haitunzwi, hata mwenye kuomba akiwa mzazi wako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na useme kama ulivyosema wewe: kweli yote, bila kupunguza, bila kuongeza."

Chiriku alimtazama baba, kisha dirisha lililo wazi. Akafungua mdomo kuhadithia mambo ya shule, na mpaka jioni hakuufunga.