Kisukari cha Mimba Nyumbani kwa Mfuga Nyuki

Nyumbani kwa mfuga nyuki asali haikosekani. Ilikuwa kwenye madumu chini ya kitanda. Ilikuwa kwenye chupa juu ya kabati. Jikoni kulikuwa na bakuli lake, limefunikwa kwa sahani ili sisimizi wasiingie. Hata kitasa cha mlango kilikuwa kinanata.

Mfuga nyuki huyo watu walimwita Kimya, kwa sababu alikuwa hajui kunyamaza. Akiwa mzingani aliongea na nyuki. Akiwa mezani aliongea na chakula. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na kijiji kizima kilimwita Fundi. Kutwa nzima alikaa barazani nyuma ya cherehani, miguu ikikanyaga, pini zikiwa mdomoni.

Wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa mama yake Kimya. Huyu alikuwa malkia wa jiko. Fundi alipopata mimba, mimba ya kwanza, mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Furaha yake yote aliimimina kwenye sufuria.

Asubuhi ilikuwa uji, na ndani yake asali. Kabla uji haujashuka tumboni, ilikuja chai yenye sukari nyingi na mkate. Mchana ulikuja wali uliojaa sahani mpaka pembeni.

"Kula, mwanangu," mama mkwe alisema. "Mko wawili humo."

"Nimeshiba, Mama."

"Wewe umeshiba. Mwenzio je?"

Fundi alikula. Tumbo likakua haraka. Majirani wakasema ni mapacha. Kimya aliwasikia, na kabla jua halijazama alikuwa ameshawatangazia watu wote sokoni kwamba mapacha wanakuja.

Lakini Fundi hakuwa sawa. Alikuwa na kiu isiyoisha. Alikunywa maji, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Mchana alichoka mpaka alilaza kichwa juu ya kitambaa cha mteja.

"Ni mimba tu hiyo," alisema mama mkwe. "Nitakuongezea asali upate nguvu."

Siku ya kliniki ilipofika, Kimya alimsindikiza mkewe. Nesi alimlaza Fundi kitandani, akachukua futi ya kupimia, akapima tumbo kutoka juu hadi chini. Fundi akacheka.

"Hata mimi nawapima watu hivyo, dada. Nikikosea, suruali inabana."

Nesi naye alicheka. Kisha akasikiliza moyo wa mtoto, akapima tena, safari hii polepole.

"Mtoto ni mmoja," alisema.

"Mmoja?" Kimya aliuliza. "Nesi, hebu tafuta vizuri."

"Ni mmoja, kaka yangu. Lakini tumbo limezidi umri wa mimba. Unasikia kiu sana, mama? Unaenda haja ndogo mara kwa mara?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Basi kesho uje kabla hujala chochote. Tutapima sukari kwenye damu."

Kesho yake Fundi alirudi na mumewe, akatolewa damu kidogo. Akapewa maji matamu sana ya kunywa. Akakaa kwenye benchi, akasubiri, akatolewa damu tena. Majibu yalipotoka, nesi aliwaita wote wawili na kufunga mlango.

"Fundi, una kisukari cha mimba."

Kimya alikuwa wa kwanza kujibu. "Haiwezekani. Mke wangu hata pipi hali. Kwetu hatununui soda wala keki. Tunakula asali, na asali ni dawa."

"Asali yako ni nzuri, nimeshainunua mwenyewe," alisema nesi. "Lakini damu haiulizi kama utamu umetoka mzingani au dukani. Asali ni sukari vilevile."

"Kwa hiyo nimejiletea mwenyewe?" Fundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana. Usijilaumu. Chakula tunachokula kinageuka sukari, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Kuna kitu mwilini kinaitwa insulini. Kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza inakohitajika. Mwanamke akiwa mjamzito, kondo la nyuma linafanya insulini ipate shida kufanya kazi. Wengi miili yao inajitahidi, inatengeneza insulini zaidi. Wengine miili inazidiwa. Wewe mwili wako umezidiwa. Hujalogwa, hujaambukizwa, wala hujafanya kosa. Lakini ukila vitamu vingi, mzigo unaongezeka."

"Na mtoto?"

"Sukari yako ikiwa juu, inapita kwenda kwake. Anakua kuliko kiasi, na kuzaliwa kwake kunakuwa kugumu. Akishazaliwa, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Wewe pia unaweza kupata presha. Ndiyo maana tunaanza leo. Tukiishusha sukari, nafasi ya kujifungua salama ni kubwa."

Nesi akawaeleza habari ya chakula. Lakini Fundi alikuwa ameshaacha kusikia. Maneno yaliyobaki kichwani mwake yalikuwa mawili tu, sukari na hatari. Njiani alimshika mumewe mkono.

"Usimwambie Mama. Uji ule anaupika kwa mapenzi. Akisikia unamdhuru mjukuu wake, atalia."

Kimya akakubali. Kwake ilikuwa adhabu. Kila alipofungua mdomo mbele ya mama yake, aliujaza chakula upesi.

Fundi akaamua kujitibu kwa njia yake. Aliona kama chakula ndicho adui, basi dawa ni kutokula. Asubuhi alipopewa uji, aliuchukua, akazunguka nyuma ya jiko, akawamwagia kuku. Mchana alikula matonge machache, akasema tumbo limejaa. Kuku walinenepa. Fundi akaanza kutetemeka mikono.

Siku moja mteja alirudi na suruali yake. Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa ukazibwa kabisa upande wa chini.

"Fundi, huku napitisha nini?" aliuliza mteja.

Fundi aliinuka kuitazama. Baraza likazunguka. Akashika cherehani asianguke. Mteja akamkalisha, akampa maji.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikwenda nyuma ya jiko kutafuta mayai. Alimkuta mkwewe ameinama, bakuli mkononi, kuku wamemzunguka. Uji ulikuwa unamiminika.

Mama mkwe akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Kama uji wangu ni mbaya, si ungesema tu, mwanangu. Miezi yote hii naamka mapema nalisha kuku?"

"Si hivyo, Mama."

"Ni vipi basi?"

Fundi akaanza kulia, na katikati ya kulia akasema yote. Kliniki, sukari, mtoto, hofu yake. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukakunjamana.

"Asali ya mwanangu imdhuru mjukuu wangu? Huyo nesi ana umri gani?"

Hakungoja jibu. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akashika njia ya kliniki. Fundi akamfuata nyuma, huku akimsihi apunguze mwendo.

Nesi aliwaona wanaingia, akasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimezaa watoto wangu wote kwa uji wenye asali, na wote wako hai. Leo unaniambia ni sumu?"

"Siyo sumu, Mama. Karibu kiti kwanza." Nesi akamvutia kiti, akamimina maji kwenye glasi. "Mwili wako uliweza. Wa mkweo, kwa mimba hii, hauwezi. Sasa naomba unisaidie. Pale nyumbani nani anapika?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Basi ni wewe niliyekuwa nakuhitaji siku ile. Mimi namwona mkweo mara moja moja. Wewe unamwona kila mlo."

Mama mkwe akanywa maji. Hasira zikapungua kidogo. Nesi akamgeukia Fundi, akamchoma kidole kumpima sukari, kisha akamwuliza amekula nini tangu juzi. Fundi akaeleza kwa aibu.

"Kushinda na njaa si tiba," alisema nesi. "Wewe unaishiwa nguvu na mtoto anakosa chakula. Nataka ule. Ila ule kwa mpango."

Akachukua sahani tupu kutoka kabatini, akaiweka mezani mbele ya mama mkwe.

"Nusu ya sahani hii iwe mboga za majani, au kabichi, au bilinganya. Robo iwe maharage, yai, samaki au nyama. Robo iliyobaki ndiyo iwe wali au viazi."

"Robo?" mama mkwe aliuliza. "Hicho ni chakula cha mgonjwa."

"Ni robo, lakini atakula mara nyingi. Kidogo asubuhi, kidogo kabla ya mchana, mchana, jioni, na kitu kidogo kabla ya kulala. Asikae na njaa muda mrefu. Chai iwe bila sukari na bila asali. Uji uwe wa nafaka isiyokobolewa, bakuli dogo, na ale na kitu kama yai. Na baada ya kula, atembee. Kazi yake ni ya kukaa. Mwili ukitembea, unatumia sukari."

"Atembee peke yake, na tumbo hilo?"

"Wewe si umetembea mpaka hapa? Tena kwa kasi."

Mama mkwe akatazama viatu vyake, akacheka. Fundi naye akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Kuanzia hapo jiko likabadilika. Bakuli la asali lilihamia stoo. Mama mkwe alipika mchicha, alipika maharage, alikaanga mabamia, na kila sahani aliikagua kama mwalimu anayesahihisha. Kijiko cha wali kikizidi, alikirudisha chunguni. Chai isiyo na sukari ilimkunja Fundi uso mwanzoni, baadaye akaizoea.

Kila baada ya mlo walitoka kutembea. Mama mkwe alimsalimia kila mtu waliyekutana naye, akamweleza habari ya sukari tangu mwanzo, kwa hiyo matembezi yalichukua muda. Fundi alijifunza kusonga mbele taratibu, akimngoja bila kusimama.

Kila walipokwenda kliniki, nesi alichoma kidole cha Fundi, na kila mara sukari ilikuwa imeshuka. Kisha siku moja ikapanda tena.

"Umekula nini tofauti?" nesi aliuliza.

"Hakuna. Sahani ni ileile."

Kimya, aliyekuja pamoja na mkewe na mama yake, akakohoa. "Nilimpa juisi tu, kila jioni. Ya maembe. Nilikamua mwenyewe, bila hata chembe ya sukari. Nesi, matunda si mazuri?"

"Ni mazuri. Lakini glasi moja ulikamua maembe mangapi?"

Kimya akajikuna kichwa. "Kadhaa."

"Utamu wa maembe yote hayo unaingia kwenye damu kwa mpigo. Mpe tunda lenyewe, kipande, alitafune. Juisi hapana."

Mama mkwe alimtazama mwanawe. "Kumbe nyoka yuko ndani ya nyumba."

"Mama, nilitaka kusaidia."

"Saidia kuosha vyombo."

Fundi hakucheka. "Na kama ikikataa kushuka?"

"Basi kuna dawa," alisema nesi. "Wengine wanahitaji sindano za insulini hata wakila vizuri, na hakuna aibu. Tutajua kwa kupima, si kwa kubahatisha. Ila jambo moja tusibishane. Usijifungulie nyumbani. Utajifungulia hospitali, wanakoweza kukuangalia wewe na mtoto."

Juisi ilikoma, na sukari ikashuka. Sindano hazikuhitajika. Miezi ilipotimia, walikwenda hospitali mapema, kabla uchungu haujawafukuza. Fundi alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa na uzito wa kawaida, na sauti kubwa. Mkunga alimweka kwenye kifua cha mama yake anyonye mara moja, kisha wakampima sukari. Ilikuwa sawa. Baada ya muda wakampima tena, bado ilikuwa sawa. Kimya aliruhusiwa kuingia. Alimweleza mtoto mambo mengi kwa mfululizo mpaka akaombwa atoke, wazazi wengine wapumzike.

Wiki sita baadaye Fundi alirudi kliniki kupimwa, mtoto mgongoni kwa mama mkwe. Nesi alisoma majibu, akatabasamu.

"Sukari imerudi kawaida. Hongera. Lakini mwili wako umetuonyesha dalili, Fundi. Wanawake waliopata kisukari cha mimba wanaweza kupata kisukari cha kudumu baadaye. Endelea kula hivyo, endelea kutembea, na uje tupime kila mwaka. Ukipata mimba nyingine, njoo mapema."

"Atakuja," alisema mama mkwe. "Nitamleta mwenyewe. Watu wa siku hizi wanaogopa kupima, sijui wanaogopa nini. Kidole tu kinachomwa, basi."

"Umesema kweli, Mama," nesi akajibu. "Na wewe ulipima lini?"

Mama mkwe akamweka mtoto vizuri mgongoni, ingawa mtoto alikuwa ametulia. Akatazama dirishani. Akatazama mlango.

"Mimi?"

"Wewe. Umri wako unataka kupimwa."

Fundi alimpokea mtoto bila kuulizwa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, akavuta pumzi. Kisha akanyoosha kidole mbele ya nesi, akageuzia uso ukutani, na kufumba macho yote mawili.