Hodi ya Kwenye Simu

Fundi cherehani alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Wateja wake walimtania kuwa hata sindano ikimchoma, yeye ndiye huiomba radhi. Alishonea nyumbani, sebuleni, na bintiye wa darasa la nne, aliyeitwa Chiriku kwa mdomo usiojua kutulia, alikulia hapo hapo miongoni mwa vipande vya vitambaa. Fundi alipompa simu yake ya zamani ili aingie kwenye kundi la masomo, alimpa na masharti: usitume picha, usiseme unasoma wapi, usitaje tunapokaa. Na mtu usimtukane.

"Mtu akikusalimu, itikia. Sisi si watu wa kununa."

Mchana mmoja, jua limejaa dirishani, fundi alimsikia bintiye akicheka peke yake mkekani.

"Unacheka na nani?"

"Na mgeni wa kwenye simu. Ana adabu huyo, mama! Ungempenda."

Fundi aliacha kushona. Alijisemea, hapa pana tapeli, na tapeli mpole ndiye mbaya kuliko wote. Akamnyang'anya simu. Alitafuta matusi, hakuona. Alitafuta picha, hakuna. Mgeni hakuwa ameuliza jina, wala shule, wala mtaa. Alikuwa akibisha tu, mara moja kila siku.

"Hodi. Niko barabarani."

"Karibu," Chiriku alikuwa amejibu.

Siku ya pili, hodi, niko getini. Karibu. Ya tatu, niko uani. Karibu. Ya nne, niko barazani. Mtoto wa watu kaitikia zote, kama alivyofunzwa.

Ya jana ilisema: "Hodi. Niko sebuleni. Mama yako anashona gauni la kijani."

Gauni lile lilikuwa la bibi harusi mtarajiwa, na lilikuwa siri. Hakuwa amemwonyesha mtu.

Ya leo ilikuwa fupi. "Hodi. Niko mkekani."

"Hii umeijibu?" alinong'ona.

"Nilikuwa naijibu, ukaninyang'anya."

Fundi aliutazama mkeka. Ulikuwa mpana, na mtoto mmoja tu juu yake. Lakini Chiriku alikuwa amekaa pembeni kabisa, kama aliyempisha mwenzake nafasi.

Mwingine angeitupa ile simu chooni. Yeye, adabu ilimponza. Aliandika: "Samahani mgeni, tunaomba uondoke."

Jibu lilikuja papo hapo. "Asante sana, mama. Naondoka. Mtoto anisindikize."

Chiriku alikuwa ameshasimama. Kandambili miguuni. Mkono mmoja kaunyoosha juu, kama ameshikwa. Hasemi kitu. Chiriku, hasemi kitu!

"Hasindikizi mtu!" fundi alipiga ukelele. "Toka kwangu! Mshenzi mkubwa wee, toka!"

Hakuwa amewahi kumtukana mtu maisha yake yote. Akamrukia mtoto, wakaanguka wote sakafuni, akampakata kwa nguvu. Pazia la mlangoni lilitikisika. Likatulia. Simu ikazimika yenyewe.

"Yameisha, mwanangu," alisema, huku akilia kwa furaha. "Yameisha."

Mtoto alitulia kifuani pake.

"Hodi humu ndani!"

Fundi alijikunyata. Hakuitikia. Ilikuwa sauti ya mama jirani, lakini siku hiyo hakuthubutu kumkaribisha mtu.

"Haya, nuna," mama jirani alisema nyuma ya pazia. "Bintiyo naye kaota mapembe? Nimepishana naye pale kona, kashikwa mkono na mtu, nimemwita mara tatu hata kugeuka hageuki! Tena kaangusha kandambili yake."

Akafunua pazia. Akamwona mtoto mapajani mwa mama yake. Akarudi nyuma hatua moja.

Mkononi alikuwa ameshika kandambili ndogo, ya kulia.

Fundi aliinamisha macho polepole. Mguu wa kulia wa mtoto aliyempakata ulikuwa mtupu.

Aliipokea ile kandambili. Akajaribu kumvalisha. Mtoto aliurudisha mguu nyuma, taratibu.

"Samahani, mama," alisema kwa upole sana. "Hiyo si yangu."